Saikolojia Sijawahi Kuisoma, Chuo Kitanipokea?

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, kombi ya HGL: Historia D, Jiografia E, Kiingereza C. Nataka shahada ya saikolojia ila darasani sijawahi kukutana nayo. Binamu yangu wa Arusha anasisitiza nianze na cheti cha saikolojia. Ni lazima?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Si lazima. Wenzako wengi watakaoingia mwaka wa kwanza hawajaisoma pia.

Kinachoangaliwa ni pointi. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inataka jumla ya 4 kutoka masomo mawili, si matatu. Kiingereza na Historia vinakupa 5, umepita. Lakini masomo hayo mawili lazima yawe yametajwa kwenye programu unayoomba. Ikitaka Historia na Jiografia tu, unabaki na 3, na umetoka. Kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, siyo wa kaka yako, usome mstari wa kila programu hadi mwisho. Mara nyingi sharti la ufaulu wa kidato cha nne hukaa hukohuko mwishoni.

Tazama na jina la shahada. Shahada ya Elimu katika Saikolojia inakuandaa kufundisha. Kama ndoto yako ni kutibu wagonjwa hospitalini, shahada ya kwanza pekee haitoshi: saikolojia tiba husomwa ngazi ya uzamili, kwa mfano Muhimbili.

Maombi yanatumwa chuoni moja kwa moja, kwenye mfumo wa chuo husika. Ukisaidiwa steshenari, sawa, ila namba ya simu na barua pepe ziwe zako. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, utahitaji namba ya siri kuthibitisha kimoja. Ikienda kwa simu ya mwenye duka, nafasi inaweza kukuponyoka hivihivi. Andika namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita kama zilivyo kwenye matokeo, na mwaka wake.

Hela ya cheti iweke. Fufua Hisabati: wastani, asilimia, uwezekano, kusoma grafu. Saikolojia ina takwimu nyingi, na waliotoka kombi za sanaa hukwama hapo kuliko kwenye nadharia.