Uliza Ujibiwe: Bei ya bangili, uzi unaokatika na meza ya siku moja Bagamoyo

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Bagamoyo, kwa watu wanaotengeneza mapambo nyumbani na kuyapanga mezani siku za tamasha pale TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kwenye magulio, au kando ya njia wanayopita wageni wa Ngome Kongwe na magofu ya Kaole. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Nasuka bangili za shanga ndogo kwa fremu. Jirani yangu wa meza anauza za kiwandani kwa 3,000. Mimi nikitaja 10,000 mteja anaondoka. Nikishusha hadi 5,000 zinaisha zote, lakini nikifika nyumbani sioni faida. Nakosea wapi? – Mama Z., Magomeni

JIBU: Mama Z., faida yako imepotelea kwenye muda, kwa sababu hukuuhesabu. Tuichukue bangili moja tuipigie hesabu. Upana shanga 7, sehemu iliyosukwa sentimita 15, na kifungio kinaifikisha 17, kipimo cha mkono wa wanawake wengi. Kwa shanga za namba 11 hiyo ni mistari kama 70, yaani shanga 490, gramu 4 hadi 5 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa zile zilizopinda au zenye tundu lililoziba, maana kila kifungu kinazo.

Tuseme shanga ni 900, uzi 200, kifungio na vipete vyake 500, kadi na bahasha 200. Jumla 1,800. Ukiishia hapo, 5,000 inaonekana tamu. Sasa weka saa mbili na nusu za kusuka na kuficha ncha za uzi. Ukijilipa 2,000 kwa saa, hiyo ni 5,000 nyingine. Halafu meza yenyewe: ada, bodaboda kwenda na kurudi, chakula cha mchana. Ikiwa siku inakula 24,000 na kwa kawaida unauza vipande 20, kila kipande kinabeba 1,200. Bangili imefika 8,000 kabla hujaweka hata shilingi ya faida. Kwa 5,000 unapoteza 3,000 kila unapouza moja, na zikiisha haraka ndiyo unazidi kuchoka bure.

Taja 12,000, na mwisho wako wa kushuka uwe 10,000. Huku kwetu watu wanapatana bei, na mteja asiyepunguziwa hata kidogo anajiona amedharauliwa, kwa hiyo nafasi ya kupatana iwemo ndani ya bei tangu mwanzo. Bei iandike kwa shilingi tu. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hata kama mnunuzi ni mtalii.

Jirani wa 3,000 usimfukuzie kwa bangili. Mjibu kwa kitu chako cha 3,000 kinachochukua muda mfupi, na kwa Bagamoyo kitu hicho ni hereni za kifuu. Wanafunzi wanaokuja kwa ziara kutoka Dar es Salaam hufika na 2,000 au 3,000 mfukoni. Bangili ya 12,000 hawaigusi, lakini hereni wanazichukua.

Chagua kifuu cha nazi iliyokomaa na kukauka kabisa. Kifuu kibichi kinakubali kukatwa vizuri, kisha kinapasuka chenyewe wiki moja baadaye, mara nyingi kikiwa tayari sikioni kwa mteja. Kwangua nyuzi zote, chora umbo kwa penseli, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Piga msasa kwa kupanda: namba 80, 150, 240, mwisho 400. Ukiruka kutoka 80 kwenda 400 mikwaruzo inabaki, na huioni mpaka upake mafuta. Toboa kwa keekee ya milimita 1.5, kifuu kikiwa juu ya kipande cha mbao ili upande wa chini usimeguke, na tundu likae angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Vumbi lake ni baya kwa kifua, kwa hiyo funga barakoa. Malizia na mafuta ya nazi, tone moja tu kwa kila upande, acha usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiteleze. Mafuta yakizidi yanachafua mtandio wa mteja na baada ya muda yananuka. Ukifanya jozi 20 kwa mkupuo, kila jozi haizidi dakika 15.

SWALI: Shikamooni. Natengeneza bangili za lastiki na vidani. Wateja wawili wamenirudishia bangili zilizokatika ndani ya wiki mbili, na mmoja amesema hereni zangu zinawasha. Nyuzi nanunua Kariakoo kama wenzangu. – Binti wa Nianjema

JIBU: Marahaba, binti. Lastiki hukatika kwa sababu tatu, na zote zinaonekana ukiishika ile iliyokatika karibu na macho. Ikiwa ncha imechanika kama imekatwa na wembe, kosa ni la shanga: tundu la shanga ya kioo au ya chuma lina ukingo mkali na linausaga uzi kila mkono unapotikisika. Pitisha sindano nene kwenye tundu uisikilize; ikikwaruza, iweke kando, au izungushie shanga laini ya mbao kila upande. Ikiwa uzi umekauka na kuwa mgumu karibu na fundo, umeua lastiki kwa gundi ya supa. Gundi ile inaifanya iwe kama kijiti, nayo inavunjika pale pale inapokutana na sehemu laini. Na ikiwa hakuna palipokatika, bali fundo limefunguka, basi ulifunga fundo la kawaida.

Tumia lastiki ya milimita 0.8. Kabla ya kutunga, ivute taratibu mara tano sita, maana isipovutwa kwanza italegea mkononi mwa mteja na uzi utaonekana katikati ya shanga. Kwenye fundo, pitisha ncha mara mbili badala ya moja, kaza, kisha pitisha tena mara moja upande wa pili na kuvuta ncha zote nne pamoja. Acha mikia ya milimita 3, weka tone la gundi laini ya nguo, subiri ikauke, ndipo ulivute fundo liingie ndani ya shanga yenye tundu kubwa.

Vidani usivitunge kwa mshipi wa kuvulia. Tunajua ni rahisi kupatikana na unaonekana imara, lakini fundo lake linateleza, na jua linaukausha. Kidani chenye uzito kinataka waya wa chuma uliovikwa nailoni, ukiminywa mwishoni kwa vishanga vya kubana. Minya kwa plaizi mara moja, vuta kwa nguvu, ukiteleza tupa kishanga hicho na weka kingine. Kikishaminywa vibaya hakirudi. Vipete vya kuunganishia vifungue kwa kuzungusha ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukivipanua pembeni havitakaa mviringo tena, na hapo ndipo kidani kinapodondokea.

Kuwasha mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye kulabu za bei rahisi. Badilisha kulabu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na malalamiko hayo yatapungua. Rangi ya kijani shingoni ni jambo jingine: ni shaba inapokutana na jasho na hewa ya chumvi. Haina madhara, lakini mwambie mteja kabla hajalipa.

SWALI: Mgeni mmoja aliniomba nimtafutie bangili ya ng'amba, yaani ya gamba la kasa, akasema atalipa vizuri. Wengine wanataka makombe na matumbawe. Nifanye? – Mvuvi na fundi, Dunda

JIBU: Ya ng'amba usiifanye kwa bei yoyote. Kasa wote wanalindwa na sheria za uvuvi za Tanzania, na biashara ya kimataifa ya gamba la ng'amba imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Wewe utashtakiwa, na mgeni wako atanyang'anywa uwanja wa ndege. Matumbawe nayo yaache baharini. Ndiyo nyumba ya samaki unaowategemea. Kuhusu makombe, kabla ya kununua au kuokota kwa wingi, nenda kwa ofisa uvuvi wa wilaya umuulize ni yapi na kwa kibali gani. Kombe lililookotwa likiwa na mnyama hai ndani, mbali na kuharibu ufuo, litanuka kwenye meza yako kwa wiki nzima.

Ukitaka kitu cheupe au chenye mng'ao, tumia mfupa na pembe la ng'ombe kutoka machinjioni. Mfupa uchemshe kwa maji na sabuni ya unga mpaka mafuta yatoke, vinginevyo utageuka manjano. Na kwa kuwa mfupa uliong'arishwa unafanana sana na pembe la ndovu, andika kwenye kila kadi, kwa herufi zinazosomeka: MFUPA WA NG'OMBE. Maneno hayo matatu yatawaondoa wageni hofu.

SWALI: Kwenye tamasha meza yangu ilikuwa ufukweni. Upepo uliangusha kila kitu na akina mama wa hapa walipita bila kusimama. – Kijana wa Kaole

JIBU: Upepo kwanza. Kusi likivuma, stendi nyepesi hazifai. Chukua ubao mpana, uuegemeze kwenye kitu kizito, na hereni uzitundike kwa misumari midogo. Kitambaa cha meza kishone upindo na utie kokoto ndani. Kiwe cha rangi moja, cheusi au cha udongo, kishuke mpaka chini. Wengi hutandika kitenge, na kitenge ni kizuri, ila shanga zinapotelea ndani ya maua yake.

Ufuo wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka baharini. Ukisimama na mgongo baharini, mteja anapigwa na jua usoni na hazioni rangi zako. Geuza meza ubavu. Shanga zilizotiwa rangi zisikae juani siku nzima, zinapauka upande mmoja.

Akina mama waliopita wengi walikuwa wamejitanda, na wewe ulijaza meza hereni ndefu zenye kulabu. Kulabu inanasa kwenye mtandio na kuvuta uzi. Mwanamke akishaharibu mtandio mmoja hanunui tena. Wawekee hereni za kubana zinazolala sikioni, pete, bangili, vikuku vya sentimita 23 hadi 25, na zaidi ya yote pini za mtandio zenye kichwa cha shanga au kifuu. Weka kioo cha mkononi karibu, na wiki mbili kabla ya Idi ongeza pini mara mbili ya kawaida. Mchana wa Ramadhani usitegemee mauzo, fungua baada ya futari.

Bidhaa funga kwenye bahasha za kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kaki inapendeza zaidi. Lipa namba ibandike pande zote mbili za meza, na chenji ya 500 na 1,000 uitafute siku moja kabla.

SWALI: Duka la hoteli moja linataka mapambo yangu kwa mali kauli, yaani linilipe yakishauzwa. Nikubali? – Mama S., Kiromo

JIBU: Kubali, lakini anza na vipande 15. Andikeni orodha nakala mbili: jina la kila kipande, idadi, bei ya kuuzia, fungu la duka na tarehe ya kulipana, kisha wote mtie sahihi. Duka likitaka asilimia 30 ya bangili ile ya 12,000, wewe unabaki na 8,400. Hapo hulipi meza wala nauli ya kila siku, kwa hiyo inakufaa. Likitaka 50, unabaki na 6,000, na hesabu ya Mama Z. hapo juu inaonyesha kwamba vifaa na muda peke yake vimekula 6,800. Pita kila baada ya wiki mbili uhesabu, ufute vumbi, na uondoe vilivyopauka dirishani kabla mgeni hajavinunua.