Misuli ya bega: kwa mnaoanza anatomia

Mtihani wangu wa kwanza wa mdomo wa anatomia uliniumbua. Jedwali la misuli ya bega nilikuwa nimelikariri lote: msuli unaanzia wapi, unaishia wapi, neva gani, kazi gani. Nikalitiririsha kama shairi. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono wake pembeni, polepole, akauliza, "Hapa nilipofika, nani anavuta?" Nikanyamaza. Jibu lilikuwemo kichwani, ila sikujua limelala kwenye mstari gani.

Basi nyie mnaoanza, shikeni hili kwanza: msuli unavuta tu, hausukumi. Ukijua umejishikiza wapi na unakatiza upande gani wa kiungo, kazi yake unaigundua mwenyewe. Subskapularisi imejibana kati ya bapa la bega (ule mfupa mpana wa nyuma ya bega) na mbavu, inaenda kushika mbele ya kichwa cha hyumerasi, mfupa wa mkono wa juu. Ikijikaza, mkono unazunguka kwa ndani. Infraspinatasi na teresi ndogo zinapita nyuma, kwa hiyo zinauzungusha kwa nje. Supraspinatasi inapita juu, kwa hiyo inainua. Hiyo ndiyo minne inayokikumbatia kiungo, na hujakariri chochote.

Kukumbatia nimekusudia. Kichwa cha hyumerasi ni kikubwa, na mahali kinapokaa kwenye bapa ni padogo, hapana kina, kama kisahani. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana pia hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama bega. Deltoidi, msuli mnene unaofunika bega kwa nje, ikivuta peke yake mkono ukiwa chini, kichwa kinapanda juu badala ya kuzunguka. Ile minne inakibana kibaki katikati ya kisahani.

Sasa kuinua mkono pembeni, pale nilipokwama mimi. Vitabu vingi vinagawa zamu: nyuzi (digrii) 15 za mwanzo ni za supraspinatasi, hadi 90 ni deltoidi, kisha bapa linageuka. Mgawanyo huo ni mzuri kwa mtihani, lakini usiuamini kupita kiasi. Deltoidi haikai ikisubiri zamu yake, na bapa linaanza kusogea mapema. Kwa hesabu ya jumla, kati ya nyuzi 180, kama 120 zinatoka kwenye kiungo chenyewe na 60 kwa bapa kuteleza juu ya mbavu.

Usinikubalie kwa maneno tu. Simama nyuma ya mwenzako aliyevaa shati jepesi, tafuta ncha ya chini ya bapa lake, weka kidole gumba hapo, umwambie ainue mkono taratibu. Utasikia ncha inakukimbia, inaelekea kwapani. Hiyo ni trapeziasi (msuli wa shingo na mgongo wa juu) na seratasi anteria (msuli wa ubavuni) zikiligeuza bapa. Kisha mwambie asukume ukuta kwa viganja. Kwa mtu asiye na tatizo bapa linabaki limelala mgongoni. Aliyeumia neva ndefu ya kifua, inayoihudumia seratasi, bapa lake linainuka kama bawa la kuku. Ukiliona mara moja hutalisahau.

Mtego mmoja ulioninasa mara mbili: teresi kubwa. Jina linafanana na la teresi ndogo, zinakaa jirani, mtu anazitia kapu moja. Lakini teresi kubwa inapita mbele ya hyumerasi, hivyo inazungusha kwa ndani na kuurudisha mkono mwilini, kazi moja na latisimasi dorsi, msuli mpana wa mgongo. Kwenye ile minne haimo.

Pektoralisi, msuli wa kifua, sina la kusema, mnaijua tangu mnapiga pushapu.

Neva someni mwisho, misuli ikishakaa kichwani, ila neva ya aksilari (ya kwapa) ipeni jioni nzima. Inahudumia deltoidi na teresi ndogo, na inazunguka nyuma ya shingo ya hyumerasi, imeigusa kabisa. Bega likiteguka, na mara nyingi huteguka kwa mbele, neva hiyo inavutwa. Kwa hiyo siku ukiwa wodini, kabla hamjalirudisha bega, gusa ngozi ya nje ya bega pale deltoidi inapotuna, linganisha na upande wa pili, umuulize mgonjwa kama anasikia sawasawa. Andika jibu lake. Bega likisharudi, gusa tena palepale.