Kwa wanaoanza kutengeneza mboji: hapo unafuga vijidudu

Ukishapanga biwi la mboji, umeanza kufuga. Mifugo yenyewe ni bakteria na kuvu, nao wanataka chakula, maji na hewa kwa kiasi chake. Biwi likigoma, tafuta kilichopungua au kuzidi kati ya hivyo vitatu kabla hujafikiria kitu kingine.

Vijidudu hutumia kaboni kupata nguvu na naitrojeni kujenga miili yao. Uwiano unaowafaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Shambani pima kwa debe: madebe matatu ya mabua makavu ya mahindi, yenye kaboni nyingi, kisha debe moja la samadi mbichi ya ng'ombe na debe moja la majani mabichi, yanayoleta naitrojeni. Samadi ya kuku ni kali, weka nusu debe au pungufu. Maranda ya mbao weka kidogo sana. Mabua yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5, kwa sababu vijidudu huanza kula kwenye uso wa kipande na bua zima huwachelewesha mno.

Kupima maji, chota konzi moja ukaikamue. Yakitoka matone mawili matatu, yanatosha. Yakichuruzika, maji yameziba njia za hewa na muda si mrefu utasikia harufu ya mayai viza. Ongeza makavu kama mabua, ugeuze. Harufu ya amonia, ile inayochoma pua kama banda la kuku, maana yake naitrojeni imezidi na inapotea hewani. Hapo pia dawa ni makavu. Biwi lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo joto halikai.

Na joto ndilo la kujifunza kulisoma. Siku za mwanzo bakteria wa joto la kawaida hula sukari na wanga, na biwi huwa na asidi kidogo. Wengi hukimbilia chokaa au majivu mengi. Tafadhali usifanye hivyo: asidi hiyo italiwa na vijidudu wenyewe, lakini chokaa itafukuza naitrojeni ikiwa amonia. Joto likipita nyuzi 45 wanaingia wanaopenda joto, wakiwemo wa jamii ya Bacillus. Kuanzia nyuzi 55 vimelea vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu hufa. Marekani, kanuni ya kutengeneza mboji ya tope la majitaka kwa mabiwi marefu ya wazi ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kugeuza mara 5 ndani ya siku hizo. Kugeuza ni lazima kwa sababu ngozi ya biwi haifikii joto hilo, hivyo cha nje kiingie ndani. Likipita 65, geuza siku hiyohiyo, maana sasa hata wafanyakazi wako wanaanza kufa.

Huna kipimajoto? Chomeka nondo hadi katikati, iache dakika 10, kisha shika ncha. Ukishindwa kuishikilia, biwi linafanya kazi vizuri. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka, geuza.

Ukichimbua sentimita 10 hadi 15 utakuta utando wa kijivu-cheupe, kama majivu yaliyonyunyizwa. Wageni wa kazi hii huuona ni uharibifu wakautupa. Ni aktinobakteria, wanaovunja selulosi ngumu ya mabua, na wao ndio wanaoipa mboji harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Ila ukiwakuta wametanda kila mahali na biwi linatoa vumbi, limekauka.

Dawa za kuozesha za dukani hazina haja. Beleshi moja la mboji ya zamani linatosha kuwa mbegu, na hata bila hilo samadi imeshakuja na vijidudu vyake.

Joto likishuka na lisipande tena baada ya kugeuza, bado mapema. Liache biwi wiki 4 hadi 8. Mboji changa ikitiwa shimoni, vijidudu wenye njaa hunyonya naitrojeni ya udongo na mahindi hugeuka njano. Kuhakikisha, funga konzi mbichimbichi kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu, kisha ufungue unuse. Ikinuka udongo, peleka shambani. Ikinuka uchachu au amonia, irudishe kwenye biwi.