Kabla hujafomati diski ya mtu

Wiki hii nimeingia dukani, hapa Mwanga, nikamkuta kijana wetu wa field amechomeka hadi diski (hard disk) ya mama wa steshenari. Windows imemletea lile dirisha la kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, naye kidole kiko kwenye kitufe cha kukubali. Nilipiga ukelele hadi muuza vocha wa jirani akatoka nje. Kila msimu Kigoma inapokea wapya kutoka vyuoni, wana vyeti, wanajua kuichora hadi diski kwenye karatasi ya mtihani, na kila msimu ni dirisha lilelile. Nimeamua kuandika, koo langu lina umri wake.

1. Lile dirisha si amri. Windows haijauelewa mpangilio wa mafaili, basi. Huenda ni sekta chache za mwanzo tu, vile vipande vidogo vya diski, hazisomeki, na data yote iko palepale. Kataa, chomoa, fikiri.

2. Kilichofutwa bado kipo, mpaka wewe ukiue. Mnalijua darasani: kwenye NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, faili likifutwa rekodi yake inawekewa alama tu kwamba haitumiki, na klasta zake, yaani nafasi lilizokalia kwenye diski, zinahesabiwa kuwa wazi. Ni kitabu cha gesti: kufuta jina la mgeni hakumtoi chumbani, anatoka pale chumba kinapogawiwa mwingine.

Mimi nimewahi kugawa hicho chumba. Alikuja mwalimu wa taaluma wa sekondari moja ya mkoani, jioni, na kesho yake kuna kikao cha wazazi. Alikuwa amefuta folda ya alama za kidato cha nne na kapu la taka akalimwaga kabisa. Nikamwambia, "Mwalimu, kaa hapo, hii kazi ndogo." Nikaiwasha laptopu yake ileile, nikafungua intaneti, nikashusha programu ya kurudishia mafaili, nikaisakinisha kwenye C ileile, na kila ilichokiokota nikakihifadhi kwenye C hiyohiyo. Diski yenyewe ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Nafasi iliyokuwa imebaki wazi, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ile ya folda aliyoifuta.

Faili likaonekana. Jina lake kamili, tarehe yake, ukubwa wake hadi baiti ya mwisho. Nikamgeuzia kioo aone, akanishukuru, akatoa pochi. Nikabofya. Excel ikasema faili limeharibika. Nikabofya tena, maana ukiwa na mteja pembeni unabofya tu. Mwishowe nikalifungua kwa programu ya kuonyesha baiti: herufi PK za mwanzo zipo, kama inavyotakiwa kwa faili la Excel, halafu mbele kidogo ni vipande vya programu niliyoishusha kwa mkono wangu. Rekodi ilikuwa nzima, ndiyo maana jina na ukubwa vilirudi. Klasta ilizozielekeza ndizo nilizokuwa nimeandika juu yake.

Tulikaa usiku tukiingiza alama upya kutoka karatasi za walimu wa masomo. Yeye anasoma, mimi nachapa. Mwalimu wa fizikia moja yake na saba yake ni ndugu wa tumbo moja, ikabidi apigiwe simu amelala. Angenigombeza ningepata nafuu, lakini alikuwa anasema tu, "Tuendelee, fundi." Pochi ilirudi mfukoni, nami sikuthubutu kuiangalia.

Kilichotakiwa ni hiki: zima mashine hapohapo, toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB, inakili nzima iwe faili moja, kisha hangaika na hiyo nakala. Programu ya kunakilia, ddrescue, ni ya bure. Hamna kisingizio.

3. Mashine ikiganda, acheni kusema "ina virusi". Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kichwa kinachosoma data kwenye sahani ya ndani kikishindwa kusoma sekta kinasubiri izunguke ije tena, kinajaribu, kinashindwa, kinasubiri. Huku nje wewe unaona mashine imeganda. Soma SMART, ripoti ya afya ya diski yenyewe: 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zile zinazosubiri hukumu. C5 ikipanda, nakili kwanza. Na chkdsk, programu ya Windows ya kukagulia diski, si dawa ya sahani iliyochoka. Inatengeneza mpangilio wa mafaili, na inatengeneza kwa kuandika kwenye diski hiyohiyo ya mteja.

4. Usiifungue. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Kijana mmoja alifungua "aone kinachogonga", feni ikimpulizia juu ya meza. Alikiona kweli: mstari wa duara unaong'aa kwenye sahani, na unga mweusi pembeni. Akauliza ule unga ni nini. Ni picha za harusi za mteja, baba. Diski ikigonga ka-ka-ka, mwambie mwenyewe wazi kwamba hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na ni ghali.

5. Umeme ukikatika, diski nyingi hutumia nguvu ya mota inayoendelea kuzunguka kurudisha vichwa mahali pake. Kwa hiyo vichwa huokoka. Data iliyokuwa kwenye kashe (kumbukumbu ya muda) haijaandikwa ndiyo inayopotea. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli tunajua thamani ya UPS, lile betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, ninyi mnachomekea chaja za simu.

6. Diski ya TB 1 itaonyesha GB 931. Mzee mmoja wa Ujiji alinishikilia mlangoni akidai nimemkata giga 69. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inagawa kwa 1,024. Nilimpigia hesabu kwenye kikokotoo mara mbili, akaondoka akisema kizazi chetu kina maneno mengi. Siku hizi namweleza mteja kabla hajalipa.

7. SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa, ni habari nyingine. TRIM, amri ya kuiambia SSD nafasi ipi haitumiki tena ili iisafishe, ikifanya kazi, kilichofutwa hakirudi. Usimuahidi mtu.

8. Diski ya mteja iliyokufa ni mali yake. Mrudishie, hata kama mnazitamani zile sumaku za ndani za kunasia skrubu. Nimeziona mbili kwenye droo, na sijauliza bado zimetoka kwa nani.