Mkuu, usiwapeleke wakwe kwenye hizo kozi saba za Masaki

Mkuu, simama hapo hapo. Kama hujalipa kishika nafasi, ile pesa ya kuwekewa meza, usilipe. Kama umeshalipa, soma mpaka mwisho halafu wapigie simu leo hii hii.

Umeandika kwamba umejichanga laki nane, unataka kuwapeleka wakwe zako watarajiwa wanaokuja kutoka Tanga, pamoja na mjomba mtu, kwenye mgahawa wa kishua kule Masaki, Dar es Salaam, wapate ile menyu ya kozi saba. Unauliza kama inalipa, uvae nini, bakshishi iwe kiasi gani, na kama katikati ya wiki bei inashuka. Naona wengi wamekujibu kwamba pesa ni yako, tumbua maisha. Hao hawatakuwepo mezani siku hiyo. Mimi nilikuwepo kwenye meza kama hiyo.

Shika neno moja tu kutoka kwangu: usimpeleke mtu unayemheshimu kula mahali ambapo hawezi kuchagua anachokula. Basi. Ukilishika hilo, mengine yote uliyouliza yatajipanga.

Kozi saba maana yake mpishi ameshaamua. Hakuna kuulizana samaki au kuku, wali au viazi. Vinakuja vitu vidogo vidogo kwa mpangilio wake, meza nzima inakula kilekile, na katikati hapo huwezi kusema "mimi hiki niruke, nileteeni chipsi." Kwa watu wawili wanaopenda kujaribu vyakula, raha ya mambo hayo ndiyo hiyo. Lakini mzee wa Tanga aliyelelewa kwamba mgeni hakatai alichoandaliwa umemweka pabaya. Akikipenda atakula. Asipokipenda atakula vilevile, kwa sababu yako.

Niliwapeleka baba mkwe, mama mkwe na shangazi mtu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika familia ile. Mimi na mchumba wangu tukatimiza watano. Familia ya dini, swala tano, na mimi mwenyewe Mwislamu. Kabla ya kuweka nafasi nilipiga simu nikauliza mambo mawili: jikoni kwenu mna nguruwe? Wakasema hakuna. Nyama yenu ni ya halali? Wakasema ni ya halali, ina cheti. Sasa wewe niambie, baada ya hapo ungeuliza nini tena?

Kozi za mwanzo zilikwenda. Kuna pweza aliyepikwa polepole mpaka akalainika, juu yake embe mbichi na pilipili, na nasema wazi kwamba sijawahi kula pweza mzuri kuliko yule. Akaja jodari mbichi mwenye ndimu na tui, mama mkwe akamwinamia mwanawe akamuuliza kama wamesahau kuwasha moto. Tukacheka, akala nusu.

Kozi ya tano ilikuwa mbavu za ng'ombe. Kipande kama kiganja cha mtoto, na mchuzi mweusi unaong'aa umezungushwa pembeni ya sahani. Shangazi aliupenda ule mchuzi. Aliupenda kweli: alichovya mkate, akaomba mkate mwingine, akachovya tena mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akamwita mhudumu, akamwambia, "Mwanangu, huu mchuzi mmeupikaje? Nataka nikaupike nyumbani." Yule kijana akafurahi, akajibu kwa heshima zote, "Mama, tunachukua divai nyekundu, tunaichemsha na mifupa kwa saa nyingi mpaka inabaki kidogo hivi, nzito."

Baba mkwe aliweka uma chini. Shangazi akanyanyuka bila kusema neno, akaenda msalani, akakaa huko muda mrefu anasukutua. Mama mkwe alikuwa anamtazama mwanawe, si mimi, na hilo lilinichoma zaidi. Kozi mbili zilizobaki zikaja kwa sababu ndivyo menyu ilivyo. Ile ya mwisho ilikuwa tamutamu ya maziwa inayotikisika sahanini, mchumba wangu akauliza imegandishwa na nini. Jelatini, ile inayotolewa kwenye ngozi na mifupa. Ya mnyama gani? Mhudumu akaenda jikoni, akarudi, hana jibu. Zikarudi tano kama zilivyokuja, na zote tano nimelipia.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniandikia kwamba pombe inaisha kwa moto. Haiishi. Kuna jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani ambalo wapishi wanalitumia miaka yote: chakula kikichemshwa na pombe kwa dakika 15, inabaki kama asilimia 40 yake. Saa moja, asilimia 25. Saa mbili na nusu, bado asilimia 5. Na hata ingeisha yote, shangazi wa watu hukumtoa nyumbani kwake aje kujadili kemia. Yeye alipaswa kujua kabla ya kutia tonge mdomoni.

Halafu bili. Menyu ilikuwa kwa dola, kwa sababu hii ilikuwa kabla ya zile kanuni za serikali za Machi 2025 zilizopiga marufuku bei za ndani kwa fedha za kigeni. Dola 55 kwa kichwa. Kwa hesabu yangu ya nyumbani, watu watano ni dola 275, kama laki saba. Wao wana kiwango chao cha kubadilisha, 2,700, hapo tayari ni 742,500. Maji: mhudumu anapita anauliza "ya kawaida au ya gesi?" kana kwamba anauliza hali, kumbe kila ukijibu inafunguliwa chupa kubwa iliyotoka Ulaya. Maji na juisi tu, pombe hata tone hatukuagiza, 148,000. Juu yake asilimia 10 ya huduma. Juu ya vyote hivyo, VAT asilimia 18, kwa sababu chini kabisa ya menyu, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi, walisema bei haina kodi. Jumla ikafika milioni moja laki moja na hamsini na tano elfu na ushee. Ile laki nane yako, mkuu, kwa watu watano au sita, ipige hesabu hiyo hiyo kwanza. Siku hizi bei zitakuwa za shilingi, lakini huduma, kodi na maji vipo palepale. Na ukilipa, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiridhike na karatasi ya bili.

Nilikwendaje kule? Kwa sababu ya jamaa mmoja wa video. Simtaji, mnamjua aina yake: anapiga picha sahani kutoka juu, anafumba macho akitafuna, anasema "hii hapa ni lazima mje na familia." Alisema laki mbili na nusu mnakula wawili mnashiba, wahudumu wanajua kila kitu, huna haja ya kuuliza chochote. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba yule hakulipa hata senti, alialikwa na wenyewe. Hakusema. Mtu ambaye hajawahi kuiona bili ndiye aliyenipa bajeti! Na mtu ambaye kazi yake ni kula kila anachowekewa ndiye aliyewahakikishia watu wenye miiko kwamba hakuna haja ya kuuliza. Kuna watu wanakopa kwa sababu ya zile video. Anayepokea chakula cha bure halafu akawaambia watu "bei ni poa" hana tofauti na dalali anayekula pande mbili, na ninamwomba Mungu siku moja ampe wakwe.

Ule mgahawa wenyewe siulaumu sana kama ninavyomlaumu yeye. Wapishi wale wanajua kazi. Na bei ile si wizi kama wengi mnavyodhani. Kwa kawaida ya biashara ya migahawa, vyakula vyenyewe ni kama theluthi ya bei unayolipa, inayobaki ni mishahara, pango, umeme, vyombo. Kwenye kozi saba kuna watu jikoni wanapanga majani kwa koleo ndogo, sahani moja inapita mikono mingi. Hata Noma, mgahawa wa Copenhagen kule Denmark ulioshika namba moja duniani zaidi ya mara moja, mpishi wake René Redzepi alitangaza mwanzoni mwa 2023 kwamba utaacha kuwa mgahawa wa kawaida, kwa sababu hesabu za kuendesha jiko la aina hiyo na kuwalipa watu wake sawasawa hazikubali. Sasa kama kwao hesabu zinagoma, kwetu ambako vitu kama samoni ya Norway vinaagizwa kutoka nje, unategemea nini? Ingawa hapo nina neno langu: mji wenye soko la Feri, nguru na kolekole wanashushwa asubuhi, halafu mtu anakuuzia samoni iliyosafiri kuliko wewe. Hilo sitalielewa.

Kwa hiyo swali lako kwamba inalipa au hailipi kwa mtu wa mjini: inalipa ukiwa na mwenzako mmoja, wote mnapenda chakula, mmeisoma menyu nzima mkaikubali, na pesa hiyo hata ikipotea kodi ya nyumba inalipwa. Nenda. Yule pweza ningemlipia tena kesho. Lakini chakula cha kukutanisha familia mbili kina kazi nyingine kabisa. Pale watu wanataka kusikilizana, kuongezana wali, kuulizana "ongeza mchuzi?" Mjomba anataka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Hawezi kukujua wakati kila baada ya dakika chache kijana anakuja kuwakatiza aeleze historia ya karoti.

Sisi yale mambo yalitugharimu kuliko ile milioni. Ilibidi mshenga arudishwe, na safari hii siyo kwa posa bali kwa kuomba radhi. Mzee wangu, ambaye hakuwepo mezani wala hakuijua menyu, akafunga safari kwenda kukaa kwenye mkeka wa watu akieleza jambo ambalo hakulifanya. Shughuli ikasogezwa. Baba mkwe alitusamehe mapema, Mungu ambariki. Shangazi alichukua muda wake, na mpaka leo akija kwangu, kabla hajanawa, anamuuliza mke wangu mchuzi una nini ndani. Mke wangu anamtajia kimoja kimoja: kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu. Sijawahi kumlaumu kwa hilo, na sitamlaumu.

Sasa wewe fanya hivi. Piga simu, uliza kama wana menyu ya kuchagua sahani moja moja. Huenda wanayo hata kama hawaitangazi. Wakiwa nayo, omba wakutumie kwa WhatsApp, wasomee wakwe siku mbili kabla, kila mtu aseme anataka nini. Uliza divai, uliza jelatini, uliza mafuta, uliza kila mchuzi kwa jina lake, na jibu litoke jikoni. Usikubali la mpokea simu. Uliza bei kamili kwa kichwa, kodi na huduma ndani, na uwaambie maji wataleta ya hapa hapa nchini. Wakikwambia ni kozi saba au basi, waage kwa adabu utafute sehemu nyingine.

Na sehemu nyingine zipo, mji huu hauna njaa ya vyakula. Upanga na Kisutu kuna nyumba za biriani na kuku wa kuchoma ambako mzee anaingia, ananyoosha kidole, analetewa alichokitaka. Kuna hoteli za maana zenye chakula cha kujipakulia, kila mtu anaona kilichomo kwenye chombo kabla ya kuchukua, na hapo mjomba akitaka sahani ya pili hakuna wa kumhesabia. Wageni wa Tanga wanajua samaki ni nini, hutawashangaza kwa kipande cha vidole viwili. Laki nane hiyo itawalisha vizuri na chenji ya zawadi ya mama ikabaki.

Bakshishi, kama bili ina asilimia ya huduma, mpe tu mhudumu chochote mkononi, maana ile asilimia si lazima imfikie. Mengine uliyouliza wadau watakujibu.

Ila kama kishika nafasi kimeshatoka, andika hapa ni kiasi gani na walikutumia masharti gani ya kughairi. Nina ule ujumbe niliowaandikia wale wa kwangu, nitakuwekea uunakili ubadilishe tarehe tu. Fanya mapema, maana wengine hawarudishi pesa ukighairi zimebaki saa chini ya 48.