Blanketi za mbio zilifikaje kitandani kwako?

Mama F. wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia kurasa tatu. Kwa kifupi: mwezi wa saba alikwenda na dada ya bwana wake kujitolea kwenye mbio za porini, kilomita 80, upande wa Kipushi. Walipewa meza ya maji kwenye kilomita ya 60. Anasema shemeji yake huyo, binti anayekaa nao nyumbani akisomea uuguzi, alimchongea kwa waandaaji na kwa bwana. Sasa bwana hamsemeshi, na bukari, ugali wetu, anaigusa tu. Swali lake: "Nimuambie achague, mimi ao dada yake?"

Pole, mama. Kununiwa ndani ya nyumba yako kunauma. Basi, pole imetosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza unasema mlifanya kazi "mpaka mwisho". Ukurasa wa tatu, ukilalamikia baridi, unasema ulifika nyumbani saa mbili usiku ukalala chini ya blanketi mbili "za kule". Meza ilikuwa ifungwe saa tatu. Za kule zilifikaje kwako? Njia ya mwongo ni fupi.

Kwa wasiozijua mbio hizi: meza haifungwi eti kwa kuwa watu wamepungua. Kuna orodha ya namba, kila anayepita anawekewa alama. Anayeshindwa njiani anarudisha namba yake, asije akatafutwa porini usiku kucha. Nyuma ya wote wanatembea watu wa mwisho, wanaookota alama za njia. Mpaka hao wapite, mwenye meza habanduki. Na wanaochelewa ndio walio hoi kuliko wote. Wamelowa jasho tangu asubuhi, wakisimama kidogo tu wanatetemeka, na mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Usiku wa kiangazi baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tena si suala la kuwajaza maji. Aliyetoka jasho siku nzima akinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damu inapungua, anaanza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana mezani panakuwa na mchuzi wenye chumvi. Na termosi ya mchuzi, nanukuu, "ilikuwa yangu, nikairudisha".

Kwa hiyo gari liliondoka na blanketi, mchuzi na wewe. Binti alibaki na tochi ya simu na namba tatu zisizo na alama. Halafu unaniandikia kwa hasira kwamba "alivua kitenge chake akafunika mwanaume asiyemjua, mbele ya watu". Alimfunika kwa kitenge kwa sababu blanketi zilikuwa njiani kuelekea Katuba! Waandaaji walipouliza ziko wapi, alijibu. Ulitaka aseme zimeliwa na mchwa?

Bwana wako alipokuuliza dada yake yuko wapi, ulimjibu "atarudi na wengine", huku unajua hakuna wengine. Akachukua ufunguo akaenda mwenyewe, usiku ule. Mimi niko upande wake. Na wewe mchana wa siku hiyohiyo ulishaweka picha kwenye WhatsApp, wewe na binti mmevaa vizibao vya njano, ukaandika "na mdogo wangu kipenzi".

Na nadhani baridi si sababu ya kumwacha kule. Nusu ukurasa umeandika habari za chumba anacholala, na makala, yaani makaa, anayomaliza kwa kuchemsha maji usiku akisoma. Unakitaka chumba, mama.

Ninyi wanawake wa leo mnataka bwana aliyeota kama uyoga, hana mama, hana dada. Siku ya mahari dada huyohuyo mnacheza naye, mnampakulia nyama ya kwanza. Ndoa ikishatulia anaitwa mzigo. Mnasahau kwamba huyo ndiye shangazi wa watoto wenu, na mtoto akiugua usiku ndiye atakayepigiwa simu. Wanaume nao wana lao: badala ya kusema, wananuna, wakidhani bukari isiyoliwa ni hotuba. Bwana wako alipaswa kusema usiku uleule.

Usimwambie achague. Leo jioni, kabla hamjakaa mezani, mweleze habari ya blanketi kwa mdomo wako, bila neno "lakini". Zifue, uzipeleke kwa waandaaji wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Shemeji mwombe msamaha mbele ya kaka yake, kwa kuwa kwa kaka yake ndiko ulikomsema. Na nauli ya kumrudisha Likasi, ambayo unasema umeshaiweka pembeni, mnunulie gunia la makala.