Kupanda Lushoto na baiskeli ya resi: shida sio kupanda tu, kuna kushuka

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga mjini, nina baiskeli ya resi ya mtumba, mbele ina meno 52 na 39, nyuma gia kubwa kabisa ni meno 25, tairi 700 kwa 23, breki za kubana rimu. Mwezi wa saba tupo wanne tunataka tupande kutoka Mombo mpaka Lushoto tulale, kesho yake tuzunguke Irente na msitu wa Magamba alafu turudi. Mwaka jana nilijaribu peke yangu, nikaishia kushuka na kusukuma hata Soni sijafika. Sasa kuna jamaa ananiuzia rimu za kaboni used, anasema zitapunguza uzito nitapanda kirahisi. Nichukue? Mimi nina kilo 74.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Ntakueleza kwa nini, ila tuanze na miguu yako maana naona umeshaanza kuilaumu bure.

Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari na Lushoto kama 1,400, barabara ni kilomita 33 hivi. Ukigawa unapata mwinuko wa asilimia 3, mtu anasema aah mbona kidogo. Hiyo hesabu inadanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda iko kati ya Mombo na Soni, pale unaenda na asilimia 5 hivi, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, na mahali pa kupumzisha miguu hakuna. Ukishafika yale maporomoko ya Soni kazi kubwa umeshaimaliza, kutoka hapo mpaka Lushoto ni kawaida tu.

Sasa chukua gia yako nyepesi kuliko zote, 39 mbele na 25 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja baiskeli inaenda mita 3.3 hivi. Mguu wa mtu wa kawaida mlimani ukishuka chini ya mizunguko 60 kwa dakika magoti yanaanza kulia, kwa hiyo hiyo gia inakulazimisha uende karibu kilomita 12 kwa saa, utake usitake. Wewe na baiskeli na maji na vikorokoro vya mfukoni ni kama kilo 85, kwa mwinuko ule hapo unatoa kama wati 160 muda wote bila kupumzika. Kuna watu wanaweza, wanaofanya mazoezi kila siku, lakini mtu wa wikiendi saa nzima na zaidi? Ndo maana ulishuka ukasukuma. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 2.5, unaenda kilomita 9 kwa saa kwa mizunguko ileile 60 na kazi inashuka mpaka kama wati 120. Utachelewa kufika, ndio, ila utafika umekaa kwenye siti.

Na hizo rimu zake? Tuseme zinakupunguzia nusu kilo, mimi naona amezidisha lakini basi tumpe. Nusu kilo kwenye kilo 85 haifiki hata asilimia 1, yaani mpaka Soni utaokoa kama nusu dakika, muda wa kufungua chupa ya maji ukanywa. Kwa hela ileile badilisha gia na itabaki.

Kabla hujanunua chochote pima krenki yako (ile mikono ya pedali na magurudumu yake ya meno ya mbele). Chukua rula, pima kutoka katikati ya bolti moja inayoshika lile gurudumu la meno mpaka katikati ya bolti ya jirani yake (naongelea krenki ya bolti tano). Ukipata kama milimita 76, hiyo ni ya resi ya zamani, meno 34 hayaingii hata umbembeleze vipi, mwisho wake ni 38, itabidi utafute krenki nzima ya 50 na 34, kwenye mitumba zipo. Ukipata kama 65 una bahati, badilisha gurudumu la meno peke yake. Nyuma weka kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya mpaka meno 28, ule mkono mfupi unaohamisha cheni kwa kawaida unaibeba, zaidi ya hapo mara nyingi unaanza kusugua na itabidi uweke mkono mrefu. Na urefu wa cheni hakikisha fundi ameupima ikiwa imekaa kubwa kwa kubwa, mbele na nyuma, maana cheni fupi ukikosea gia siku ya siku inang'oa mkono wote na safari imeishia hapohapo.

Haya, sasa nije kwenye kitu ambacho hukuuliza na ndo kinachonitia wasiwasi zaidi. Utarudi vipi?

Kutoka Lushoto mpaka Mombo unashuka mita 1,000. Kilo 85 zikishuka mita 1,000 zinatoa nguvu ya kutosha kuchemsha maji lita mbili na nusu kutoka ubaridi wa kawaida mpaka yatokote. Hilo joto lazima liende mahali. Ukishuka unakimbia kidogo, upepo unabeba sehemu kubwa. Ukishuka kwa uoga umebana breki taratibu njia nzima, karibu lote linaingia kwenye rimu, kwenye raba za breki na kwenye tyubu yako. Mimi yalinikuta chini ya Soni miaka hiyo, nabana kidogokidogo najiona ninatumia akili, nikasikia harufu ya raba nikadhani ni lori, tairi la mbele likapasuka paa, nashukuru ilikuwa sehemu iliyonyooka. Baadae kufungua nikakuta kiraka kimeteleza, solusheni ilishalainika kwa joto. Yaani kosa langu mwenyewe, tyubu ya kiraka nimeiweka mbele.

Kwa hiyo kaboni na breki za kubana kwenye mteremko kama ule, tena used, hujui zimeshapigwa joto mara ngapi, hapana. Ile gundi inayoshika kaboni ikipata moto inalainika, ukingo wa rimu unafunguka. Alumini inapitisha joto na kulimwaga vizuri zaidi. Baki na rimu zako.

Namna ya kushuka: achia baiskeli kwenye mnyooko, kabla ya kona bana breki zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, pinda. Usibane ukiwa katikati ya kona. Ukiona vidole vimechoka simama, tupia tairi macho, gusa karibu na rimu (sio rimu yenyewe utaungua), subiri dakika tano. Raba ziwe mpya, zitoe uzichunguze kama hazijashika vipande vya chuma maana vinakula rimu kama msasa. Tyubu mpya mbele na nyuma, na ule utepe wa ndani ya rimu usiwe umekatika. Tairi weka za upana wa 25, na kama fremu yako inaruhusu weka 28 upepo PSI 80, hutajuta.

Na ukae upande wako. Malori ya mboga yanashuka kwenda Dar na mabasi nayo yana haraka zao, kona zile dereva hakuoni mpaka mmeshakutana.

Ondokeni Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kule chini joto linaanza mapema. Juu mwezi wa saba ni baridi kweli na ukungu, kwa kushuka beba koti la upepo. Irente ni karibu na mjini, ukisimama pale ukingoni unaona tambarare huko chini na utaelewa kilichokuchosha. Wajerumani waliokuwa wanaiita Lushoto Wilhelmstal reli yao ilifika Mombo mwaka 1905 na haikupanda, ikapita huko chini ya milima kwenda Moshi, na mbao za msitu wa Shume wakazishusha Mkumbara kwa kamba ya chuma. Magamba nenda, msitu mzuri, mbega wapo, ila ukiacha lami na tairi nyembamba kwenye ule udongo mwekundu, mvua ikigusa kidogo tu unateleza kama kwenye sabuni. Kijiji cha Mtae msijaribu na baiskeli za resi. Na kama mkibaki na nguvu ulizeni Soni njia ya kwenda Vuga, ndiko ukoo wa watawala wa Kilindi ulikokuwa na makao yake enzi za mfalme Kimweri, ila pandeni bodaboda, baiskeli ziachieni mama wa chai.

Ukishapima zile bolti niandikie umepata milimita ngapi, ntakwambia utafute krenki gani.